Kuandaa Msimu wa Shughuli na Maonyesho katika Maktaba ya Mtaa: Mwongozo Kamili kwa Wakutubi na Wahudumu wa Kujitolea wa Nairobi

Ukiingia katika maktaba ya umma ya mtaa hapa Nairobi mwendo wa saa nne asubuhi, huenda ukakosa kiti. Kijana anayejiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne yuko pale, mwanafunzi wa chuo cha ufundi yuko pale, na karibu na soketi ya umeme ameketi mtu anayetafuta kazi huku simu yake ikipata chaji. Lakini tazama mezani. Vitabu vilivyofunguliwa ni vyao wenyewe, vimetoka mikobani pamoja na madaftari yao. Vitabu vya maktaba vimesimama rafuni, na ukichomoa kimoja ukatazama ile karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada kwa ajili ya mihuri ya tarehe za kurudisha, si ajabu kukuta muhuri wa mwisho ni wa miaka kadhaa iliyopita.

Nalitaja hili mapema kwa sababu tumezoea kupima mafanikio ya shughuli za maktaba kwa idadi ya viti vilivyojaa, ilhali viti vyetu vimejaa tayari. Shughuli au onyesho lililofana ni lile linalomfikisha mtu rafuni na kumtoa mlangoni akiwa na kitabu alichoazima. Nilijifunza hivyo kwa uchungu. Katika maktaba moja niliyokuwa nikijitolea, tulimwalika muuguzi azungumze juu ya shinikizo la damu na kisukari, na watu wapatao sitini wakaja. Alipomaliza, akina mama watatu walikuja kaunta wakauliza kama kuna kitabu cha kusoma nyumbani juu ya maradhi hayo. Vitabu vya afya vilikuwa katika chumba cha ghorofani, mlango umefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa ameshaondoka kwa kuwa ilikuwa Jumamosi alasiri. Fomu za uanachama nazo zilikuwa zimekwisha. Wale mama walishukuru kwa adabu wakaenda zao, na sikuwaona tena.

Mwongozo huu unafuata msimu mmoja, Julai hadi Oktoba, kwa sababu ndani ya miezi hiyo kuna likizo ya Agosti na siku tatu kubwa ambazo maktaba inaweza kuzitumia vyema. Anza matayarisho wiki nane kabla, yaani mwanzoni mwa Mei.

Hatua ya kwanza: wajue wanaoingia na wasioingia

Kwa wiki mbili, weka daftari kaunta na uhesabu watu mara tatu kwa siku: saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi alasiri. Usiandike majina. Andika tu kama ni mtoto, kijana, mtu mzima au mzee, na anafanya nini: anasoma kitabu chake, anasoma cha maktaba, anasoma gazeti, au anatumia kompyuta. Jioni, kabla ya kurudisha rafuni vitabu vilivyoachwa mezani, viorodheshe kwa nambari zao za uainishaji, yaani zile nambari za mada zilizobandikwa migongoni mwao. Hesabu hii ya vitabu vya mezani hupuuzwa na wengi, kumbe ndiyo inayoonyesha kinachosomwa humu ndani bila kuazimwa, na mara nyingi hufichua hamu ambayo rejista ya kuazima haiioni kabisa.

Baada ya hapo toka nje. Tembea mtaani kwa mchana mmoja, uongee na mama mboga, kinyozi, fundi wa viatu na vijana wa bodaboda, uwaulize swali moja tu: wamewahi kuingia maktabani? Jibu utakalolisikia sana ni kwamba mahali pale ni pa wanafunzi. Jibu hilo lina mizizi. Maktaba ya McMillan katika Mtaa wa Banda ilipofunguliwa mwaka wa 1931 haikuwa ya Mwafrika, na ni ilipokabidhiwa baraza la jiji mwaka wa 1962 ndipo milango yake ilipofunguliwa kwa wote. Wako wazee mjini humu waliokulia katika jiji ambalo maktaba yake kubwa haikuwakaribisha, na hawakuwa na sababu ya kuwaambia watoto wao kwamba pale ni pao. Kwa hiyo unapopanga shughuli kwa ajili ya watu wazima, usidhani kwamba tangazo pekee litawavuta. Wanahitaji kualikwa kwa mdomo, tena na mtu wanayemfahamu.

Hatua ya pili: panga tarehe ukiwa na kalenda tatu mbele yako

Kalenda ya kwanza ni ya shule. Muhula wa pili huishia mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, na likizo hiyo fupi ndiyo nafasi bora ya watoto. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba mitihani ya kitaifa huwa imewadia na chumba cha kusomea huhitaji kimya, kwa hiyo shughuli zote zenye sauti ziwe zimekwisha kufikia hapo.

Kalenda ya pili ni ya siku za kuadhimishwa. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwezi wa Novemba 2021 na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2022. Tarehe 8 Septemba ni Siku ya Kimataifa ya Kusoma na Kuandika. Tarehe 20 Oktoba ni Siku ya Mashujaa, sikukuu ya umma, na kwa kuwa maktaba huwa imefungwa siku yenyewe, onyesho lake lifunguliwe wiki mbili kabla.

Kalenda ya tatu haijaandikwa popote, nayo ni ya maisha ya mtaa. Ukiwa Pumwani au Eastleigh, watoto wengi huenda madrasa mwishoni mwa wiki, hivyo saa ya hadithi ya Jumamosi asubuhi itawakosa. Waulize walimu wa madrasa ni saa ngapi wanawaachilia. Waadventista Wasabato hawatakuja Jumamosi kabisa. Ijumaa kuanzia saa sita unusu usipange lolote linalowahusu wanaume Waislamu. Mikutano ya vyama vya akina mama huwa na siku zake, na ukiigongesha yako na yao utabaki na viti vitupu. Mvua za vuli zikianza Oktoba, nauli za matatu hupanda jioni na watu hukimbilia nyumbani mapema, kwa hiyo shughuli ya saa kumi na moja iliyofana Julai itakuwa na watu wanne mwezi wa Oktoba.

Ukishaziweka kalenda hizi tatu pamoja, utaona kwamba siku zilizobaki si nyingi. Hilo lisikusikitishe. Kwa maktaba yenye wahudumu watatu au wanne, maonyesho matatu na shughuli sita kwa msimu mzima ni kazi ya kutosha, na ni afadhali sita zilizoandaliwa kuliko kumi na mbili za kubahatisha.

Hatua ya tatu: mada itoke rafuni

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tunachagua mada nzuri, tunachora bango zuri, halafu tunagundua kwamba tuna vitabu vitatu tu vinavyohusu mada hiyo, na kimoja hakina jalada. Fanya kinyume. Pita rafuni na kikapu, ukiongozwa na ile hesabu ya vitabu vya mezani, na ukusanye kila kinachofaa kabla ya kuamua. Onyesho dogo linahitaji vitabu 20 hivi vya kuanzia na vingine 20 vya akiba, kwa sababu vinavyoazimwa lazima vijazwe siku hiyo hiyo. Ukishindwa kufikisha hata 30 kwa jumla, badilisha mada.

Mada nzuri hukata kona nyingi za uainishaji. Chukua mfano wa onyesho la Agosti juu ya mboga za kienyeji. Vitabu vya kilimo cha bustani viko 635, vya upishi 641.5, vya lishe viko 613.2, ngano zinazotaja wakulima na wanyama wa shambani ziko 398.2, na methali ziko 398.9. Msomaji wa kawaida hawezi kuzunguka rafu zote hizo peke yake, na thamani ya onyesho ni kwamba unamfanyia mzunguko huo. Sasa ongeza vitu. Omba mama mboga wa hapo nje akuuzie fungu la managu, fungu la terere, la saga na la mrenda, uyaweke ndani ya vikombe vya maji mezani, kila moja na kadi yake. Mtoto aliyezaliwa katika fleti ya ghorofa ya nne hujua sukuma wiki na kabichi tu. Mpe jani la mrenda alisugue kati ya vidole hadi ahisi utelezi wake, halafu umwonyeshe picha yake kitabuni. Nimeona mtoto wa miaka minane akibeba kitabu cha kilimo hadi kaunta, kizito kuliko mkoba wake, kwa sababu ya utelezi ule.

Kando ya meza simamisha gunia lililojazwa udongo na mbolea, lenye nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji na matundu ubavuni yaliyopandwa miche. Bustani ya gunia inajulikana katika mitaa mingi isiyo na uwanja, na atakayeiona atataka kujua jinsi ya kuitengeneza. Mwalike anayeilima kwake aje Jumamosi moja aonyeshe kwa mikono, huku vitabu vya 635 vikiwa mezani hapo hapo na fomu za uanachama kando yake.

Kwa Julai, onyesho la Kiswahili litoke 896.392, ambako fasihi ya Kiswahili huwekwa, likichanganywa na kamusi, methali na mashairi. Usilifanye kuwa ukumbusho wa vitabu vya kutahiniwa, kwa sababu mtu mzima akiviona hukumbuka darasa na kupita.

Hatua ya nne: ruhusa

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, inazitaja maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara ni ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, ilhali nyingine, kama ile ya Buruburu, zilianzishwa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa, yaani KNLS. Jua uko chini ya nani, uandike barua ya ukurasa mmoja yenye tarehe zote za msimu, upate sahihi, na uweke nakala ndani ya faili. Barua moja ya msimu mzima husumbua watu mara moja tu. Ukitaka kuonyesha filamu, pata kwanza idhini ya mwenye haki zake, kwa kuwa kununua diski hakukupi ruhusa ya kuionyesha hadharani.

Hatua ya tano: kulijenga onyesho

Chagua mahali penye watu, si mahali penye nafasi. Mahali bora ni kati ya mlango na kaunta, ambapo kila aingiaye lazima apite, hata kama meza itakuwa ndogo. Kona ya ndani yenye nafasi kubwa itakupa onyesho kubwa lisiloonwa na mtu.

Kisha tazama jua. Madirisha ya mashariki hupokea jua la asubuhi na ya magharibi hupokea la alasiri, ambalo ndilo kali zaidi kwa karatasi. Hapa kwetu, kusini kidogo tu mwa ikweta, kuanzia nusu ya pili ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, kisha huhamia kusini. Ukuta uliokuwa na kivuli Agosti unaweza kuangazwa Oktoba, kwa hiyo usiamini kumbukumbu ya msimu uliopita. Simama pale saa nne, saa saba na saa kumi ujionee. Wahifadhi wa makavazi hushauri kwamba karatasi na picha za thamani zisipate mwanga unaozidi lux 50, ambao ni hafifu kuliko wa chumba cha kusomea. Kwa maktaba ya mtaa njia rahisi ni kutoonyesha kitu cha thamani hata kimoja, bali nakala zake.

Vitabu viwekwe vikiwa vimeelekeza uso kwa msomaji. Mgongo wa kitabu humwambia kitu anayejua anachokitafuta, na wengi wa wageni wetu hawajui bado. Fundi wa jua kali anaweza kukupindia vishikizo vya waya mzito kwa bei nafuu kuliko vile vya plastiki vya dukani, na vitadumu zaidi. Mpelekee kitabu kimoja kikubwa na kimoja kidogo apimie. Usisimamishe kitabu kizito kikiwa wazi kwa wiki nyingi, kwa sababu uzito wa kurasa utavunja mshono wa mgongo wake. Kilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa pande mbili, na ufunue ukurasa mwingine kila wiki.

Picha na maandishi ya ukutani yawekwe ili katikati yake pawe kama sentimita 150 kutoka sakafuni kwa watu wazima, na kama sentimita 100 kwa watoto. Kadi ya maelezo isizidi maneno 50. Najua inauma kukata maelezo uliyoyatafuta kwa siku tatu, lakini msomaji anasoma akiwa amesimama, na yanayozidi hapo ni kazi ya kitabu kilicho chini ya kadi. Mwisho wa kila kadi andika nambari ya rafu, kwa mfano: “Mengine kuhusu haya yako rafu ya 635, safu ya pili kutoka dirishani.” Sentensi hiyo ndiyo inayomwongoza mtu kutoka kwenye onyesho hadi rafuni, na onyesho lisilo nayo hubaki pambo.

Weka kadi ndogo pia inayosema wazi kwamba vitabu hivi vinaazimwa. Watu wa kwetu wamelelewa na makatazo ya “usiguse”, na wakiona kitu kimepangwa vizuri hudhani ni cha kutazamwa tu. Kitabu kikichukuliwa, jaza nafasi yake papo hapo kutoka kwenye akiba.

Hatua ya sita: picha na kumbukumbu za wazee

Hii ni sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Onyesho la Mashujaa katika maktaba nyingi ni sura sita za walioshtakiwa Kapenguria wakati wa ukoloni, zilizotolewa kwenye intaneti na kubandikwa ukutani. Wanastahili heshima hiyo, lakini mtaa nao una historia yake. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899 na makazi ya wafanyakazi wake yakajengwa Muthurwa. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940. Aprili 1954 serikali ya kikoloni iliendesha Operesheni Anvil, ikawakamata maelfu ya watu katika msako wa nyumba kwa nyumba. Aliyekuwa mtoto siku ile sasa amevuka miaka sabini, na huenda anaishi barabara mbili kutoka kwako.

Pita kwa mzee wa mtaa, viongozi wa makanisa na wa msikiti, uwaombe wakutambulishe kwa wazee wenye picha za zamani. Nenda nyumbani kwao kwanza, bila kamera, unywe chai, usikilize. Picha iombwe katika ziara ya pili. Waamkie kwa Shikamoo ukimaanisha, na usiwaharakishe: mzee akianza na jina la ng'ombe wa babake, bado yuko njiani kuelekea kwenye jambo unalolitafuta.

Picha ikitolewa, iskaniwe siku hiyo hiyo na irudishwe siku hiyo hiyo, ikiwezekana mbele ya macho ya mwenyewe. Picha ndogo iskaniwe kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, ili iweze kukuzwa. Kama maktaba haina mashine, saiba nyingi za mtaani zinayo. Kaa nayo wewe mwenyewe, usiiache kaunta. Ishike kwenye kingo. Usiandike nyuma yake kwa kalamu ya wino. Andika maelezo kwenye daftari lako: nani yuko pichani kutoka kushoto, ni wapi, mwaka gani au karibu na tukio gani, nani aliipiga, na mwenyewe anakubali itumike vipi. Msomee ulichoandika, kisha aweke sahihi au kidole.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya jambo nililolishuhudia. Mzee mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa reli aliazimisha maktaba fulani picha yake ya pekee ya ujana, amesimama na sare, filimbi imening'inia kifuani. Mtu mwenye nia njema aliibandika ile halisi ukutani kwa selotepu pana iliyopita juu ya uso wa picha. Mwezi mmoja baadaye, selotepu ilipobanduliwa, ilitoka na tabaka la juu la picha: filimbi ilibaki, uso ukaondoka. Mzee aliitazama kwa muda mrefu, akaikunja ndani ya gazeti, akasema hakuna neno. Tangu siku hiyo sijakubali picha halisi ya mtu ipande ukutani, hata ndani ya kabati la kioo.

Kwa kukamilisha onyesho, nenda kwenye jengo la Nyaraka za Kitaifa katika barabara ya Moi, uombe kutazama picha na hati zinazohusu eneo lako, na uulize masharti ya kupata nakala. Picha ya kiserikali ikiwa kando ya picha ya nyumbani ya mtaa ule ule huzungumza sana bila kadi yoyote.

Hatua ya saba: saa ya hadithi ya Agosti

Jina ni saa, lakini dakika 40 zinatosha. Tandika mikeka badala ya viti, mbali na chumba cha kusomea, chini ya mti kama upo. Watoto 25 kwa msomaji mmoja ni wengi tayari. Wakifika 50, wagawe na umpe nusu msomaji wa pili.

Kisome kitabu mara mbili nyumbani, kwa sauti. Chagua chenye picha kubwa, kwa sababu mtoto aliye nyuma haoni michoro midogo. Kishike pembeni mwa bega, kurasa zikiwatazama watoto, wewe ukisoma kwa kuchungulia. Anza na “Paukwa!”, nao watajibu “Pakawa!” hata wale ambao hukudhani wanaijua. Usibadilishe kila sentensi kuwa swali la mtihani, swali moja kabla ya kufungua ukurasa unaofuata, “Mnadhani atafanya nini?”, linatosha. Kisha mwache mtoto mmoja asimulie ngano aliyoisikia kwa bibi yake, na umsikilize kwa makini ule ule uliowadai wao.

Baada ya hadithi, mwaga mkekani vitabu 30 vya umri wao na uondoke hatua kumi. Dakika kumi hizi za watoto kujichagulia, wakipinduapindua na kunyang'anyana kwa upole, zina uzito kuliko usomaji wako. Mzazi aliyewasindikiza apewe fomu ya uanachama wakati huo huo, akiwa na nafasi ya kuijaza.

Kuhusu picha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na uso wake ni mojawapo. Weka daftari la idhini mlangoni, na kama hujapata sahihi zote, piga picha za mikono na vitabu tu.

Hatua ya nane: shughuli za watu wazima

Kwa kikundi cha usomaji, tatizo letu ni nakala: maktaba ina nakala mbili za kitabu, nao wanachama ni kumi na wawili. Suluhisho ninalolipendekeza ni hadithi fupi inayosomwa kwa sauti pale pale kwa zamu, kisha ikajadiliwa. Asiyesoma vizuri husikiliza bila kuaibika, na anayerudi mara ya tatu huwa tayari ameomba kupeleka kitabu nyumbani.

Septemba, kuelekea tarehe 8, panga saa za usaidizi wa kuandika wasifu wa kazi na kutumia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Hakikisha kila mtu anaandika nywila yake mwenyewe, mhudumu akitazama pembeni, na kompyuta inafutwa kumbukumbu za kivinjari kabla ya anayefuata kuketi. Kando ya kila kompyuta simamisha vitabu vitatu vya biashara ndogo au vya kutafuta kazi. Watu husubiri zamu yao, na wakati wa kusubiri mkono hutafuta kitu cha kushika.

Hatua ya tisa: matangazo

Chapisha bango moja la msimu mzima lenye tarehe zote, ukubwa wa A3, badala ya bango kwa kila shughuli; wachapaji wa River Road watakufanyia kwa bei ya jumla ukichapa mengi pamoja. Liwe na siku, tarehe, saa ya Kiswahili, mahali, na maneno “Hakuna kiingilio”. Watu huuliza bei kwanza, na bango lisilosema huwarudisha nyuma. Lipeleke kliniki, kituo cha matatu, saluni, misikiti na makanisa. Kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, tuma ujumbe siku tatu kabla na asubuhi ya siku yenyewe, basi. Lakini mwaliko unaofanya kazi kuliko yote ni wa kaunta: mhudumu anapogonga muhuri, aseme, “Jumamosi saa nne kuna mama atakayeonyesha bustani ya gunia, karibu na jirani yako.”

Hatua ya kumi: siku yenyewe na baada yake

Asubuhi ya shughuli, hakiki vitu vinne kwa mikono yako: ufunguo wa kila chumba chenye vitabu utakavyovitaja, fomu za uanachama na kalamu, muhuri wenye tarehe sahihi, na mhudumu mmoja ambaye kazi yake ni kaunta tu hadi mgeni wa mwisho aondoke. Mzungumzaji aombwe mapema ataje vitabu viwili au vitatu kwa majina, avinyanyue watu wavione. Dakika kumi za mwisho hazina hotuba ya shukrani. Ni za watu kwenda rafuni.

Bandika duara dogo la karatasi ya rangi mgongoni mwa kila kitabu cha onyesho, chini ya nambari yake: kijani kwa Julai, njano kwa Agosti, nyekundu kwa Oktoba. Kila kikiazimwa, mhudumu anaweka alama kwenye karatasi ya rangi hiyo iliyo kaunta. Mwisho wa msimu utajua onyesho lipi liliwapeleka watu rafuni, na duara zikibaki kwa miezi mitatu zaidi utaona pia vitabu vilivyoendelea kutoka baada ya meza kuondolewa. Andika idadi ya wanachama wapya wa kila siku ya shughuli kando ya idadi ya waliohudhuria. Nambari hizi mbili ndizo za kupeleka kwa wakuu unapoomba fedha za msimu ujao.

Onyesho liondolewe tarehe iliyotangazwa, hata kama bado linapendeza. Kadi za maelezo zitiwe ndani ya bahasha moja pamoja na orodha ya vitabu na mchoro wa meza. Nakala kubwa za picha za wazee zipelekwe majumbani mwao kama zawadi, na anayezipeleka awe yule yule aliyeziomba. Akiwa pale, achukue fomu ya uanachama mfukoni, na kitabu kimoja chenye herufi kubwa ambacho mjukuu anaweza kumsomea babu yake jioni, kiwe kimeshagongwa muhuri wa tarehe ya kurudisha.